Mikono Si Mashine

Haya ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sijaongeza chumvi, sijatia maji, na kama kuna neno moja la uongo humu, basi meno yangu ya juu yaanguke sasa hivi juu ya karatasi hii. Mmeona? Yamekaa. Tuendelee.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyemaliza miaka thelathini na minne mahakamani akiandika hati mkato. Hakuwa hakimu wala wakili. Alikuwa yule mtu wa pembeni ambaye hakuna anayemtazama, kalamu mkononi, akinasa kila kinachotamkwa. Shahidi akilia, anaandika "analia". Wakili akikohoa ili apate muda wa kubuni uongo, anaandika "anakohoa". Walimwita Mzee Mkato, ingawa katika maisha yake hakuwahi kukata neno la mtu. Kwa imani yake, anayefupisha maneno ya mwenzake ni mwizi aliyekosa tu ujasiri wa kubeba vyote.

Siku mahakama iliponunua mitambo ya kurekodi sauti, alipewa saa ya ukutani, akashikwa mkono, akasomewa hotuba ndefu ambayo hakuna aliyeinasa. Akarudi nyumbani, alikoishi na binti yake wa pekee, kwa kuwa mama wa binti alishatangulia, na nyumba ya vyumba viwili ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja na ndogo kwa wawili. Binti alikuwa fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ilikuwa pale kwenye kona ya barabara, na nusu ya mtaa ilitafuna kwa kazi ya mikono yake, baba yake akiwemo.

Miezi minane baadaye simu ikalia. Kampuni fulani ilikuwa inatafuta waandishi wastaafu wa hati mkato. Mzee Mkato alidhani ni matapeli. Hakukosea sana.

Kampuni ilikuwa na programu ya simu iliyoitwa Yeyuka. Kazi yake nyepesi: unaandika ujumbe, mwenzio anausoma, baada ya sekunde kumi unayeyuka usionekane tena popote duniani. Na ni bure. Watu waliipenda hiyo bure kupita kiasi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu ajenge jumba la ghorofa tano la vioo vitupu ili akupe kitu bure.

Mkuu wa kampuni alikuwa kijana anayetembea ofisini bila viatu, soksi moja ya njano na nyingine ya bluu, na hilo aliliita ubunifu. Wafanyakazi walimwita Soksi, na yeye alijifanya kulipenda.

"Hapa hakuna bosi, mzee wangu," alisema, akimkalisha Mzee Mkato kwenye kiti kilicholainika kama uji. "Sisi sote ni familia."

Mzee Mkato akachungulia chini kupitia kioo. Katika familia ile, mmoja alikuwa ameegesha gari kivulini na wengine walikuwa wanaingia getini kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Unaandika maneno mangapi kwa dakika?"

"Mia na arobaini. Mia na sitini shahidi akiwa na hasira."

"Safi sana! Umemsikia?" Soksi alimgeukia mwanasheria wa kampuni, mwanamume mwembamba aliyekuwa akimung'unya peremende tangu walipoingia.

Mwanasheria akamwonyesha mzee maandishi makubwa ukutani: HAKUNA MASHINE ITAKAYOHIFADHI NENO LAKO.

"Soma taratibu, mzee. Hakuna nini?"

"Mashine."

"Mikono yako ni mashine?"

Mzee Mkato aliitazama mikono yake. "Ina baridi yabisi," alisema. "Lakini mashine, hapana."

"Basi hatujavunja ahadi yoyote," akasema mwanasheria, akaipasua peremende kwa meno, kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndivyo walivyompeleka kwenye chumba cha kazi. Kila ukuta wa jumba lile ulikuwa kioo, unaona mpaka mtu anavyokuna kichwa, isipokuwa chumba kimoja cha nyuma kilichokuwa ghala la karatasi, kisicho na dirisha. Mlangoni palibandikwa kibao: CHUMBA CHA USTAWI. Wakaguzi wakija, wanaambiwa humo wafanyakazi wanapumzisha akili. Hakuna mkaguzi anayetaka kumkuta mtu anapumzisha akili.

Ndani kulikuwa na meza mbili, skrini mbili, na mwanamke mmoja mwenye miwani minene, mstaafu wa bungeni. Huyo aliitwa Bibi Koma. Alikuwa amewaandika wabunge kwa miaka ishirini na sita, na ndiyo maana hakuna jambo lililoweza kumshangaza.

"Karibu, karani mwenzangu," alisema bila kuinua macho. "Kaa, chonga penseli, na usicheke kwa sauti. Wanasema kicheko kinapenya ukuta."

Ujumbe ulipita kwenye skrini kwa sekunde zile zile kumi, kisha ukayeyuka kweli. Mashine haikubaki na kitu, ningeapa hilo mbele ya hakimu yeyote. Kilichobaki kilikuwa mikunjo na vitone kwenye daftari. Tatizo la kwanza la Mzee Mkato lilikuwa zile emoji. Hati mkato haina alama ya uso unaolia kwa kicheko. Bibi Koma alishatunga zake: kitone na mkia ni kicheko, vitone viwili na mkia ni moyo, mkia mtupu ni kile kidole gumba ambacho vijana hukituma wakiwa hawana la kusema. Mzee Mkato akazikariri zote kwa siku mbili, maana kumbukumbu isiyokamilika kwake ilikuwa haramu.

Ilipofika saa nane mchana aliingia Dada wa Mauzo na kompyuta yake. Wao wanasoma kwa sauti, yeye anachapa. Lakini hakuchapa maneno, hasha! Maneno ni siri ya mteja. Alichapa mahitaji. Bwana mmoja alimwandikia mpenzi wake: "Mgongo unaniua tangu tulalie lile godoro lako, na mke wangu ameanza kuniuliza." Dada wa Mauzo akachapa: godoro, moja. Dawa ya kuchua mgongo, moja. Akafikiri kidogo, akaongeza: maua. Kesho yake simu ya yule bwana ikajaa magodoro, dawa na mashada, na wenye maduka wakalipa kwa kila kitu kilichomfikia. Huo ndio uliokuwa uvumbuzi wa karne. Umbea wa kisimani, umevalishwa suti.

Na msidhani walikuwa wanasoma mambo makubwa. Wape watu wino unaoyeyuka, ungetarajia wapindue serikali. Kumbe katika kila ujumbe mia, tisini ulikuwa "umekula?" na "nimekula, wewe je?" Mzee Mkato aliyewahi kunasa maungamo ya mauaji sasa alinasa "bado, nasubiri chai". Alijiambia hamdhuru mtu. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa mahakama, na mtu akilipwa vizuri huwa hakosi la kujiambia.

Nyumbani alisema anapanga mafaili. Kisha kampuni ikatangaza zawadi kwa mfanyakazi atakayewaleta ndugu, naye akaichukua simu ya binti yake mwenyewe, akaiweka Yeyuka kwa vidole vyake mwenyewe.

"Hii ni salama?" binti aliuliza.

"Salama kabisa, mwanangu. Hakuna mashine inayohifadhi."

Akaiweka na kwenye simu ya dada yake, shangazi wa binti, mwanamke wa mji wa mbali aliyekuwa amekuja kuwatembelea, mwenye simu kuukuu iliyofungwa kwa mpira. Zawadi ikaja: mwavuli wenye jina la kampuni.

Skrini ziligawanywa kwa mitaa. Mtaa wa Mzee Mkato uliangukia kwenye skrini ya Mzee Mkato. Kulikuwa na sheria: ukiona ndugu yako, unanyoosha mkono, mwenzio anakupokea.

Jumatatu moja asubuhi, kati ya "umekula?" na "nimekula", ikapita namba anayoijua kama mfuko wa suruali yake.

"Shangazi, ile karakana kubwa ya mji mwingine wameniita. Niwe msimamizi wa mafundi kumi na wawili. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi."

Shangazi akajibu papo hapo: "Nenda mwanangu nenda! Unangoja nini wewe, kengele?"

"Baba. Siwezi kumwacha peke yake. Nitakataa."

Na mwishoni uso unaolia, mmoja, na mikono iliyokutanishwa, miwili.

Mzee Mkato hakunyoosha mkono. Aliandika yote, mpaka mikono ile miwili, kisha akaichana karatasi kutoka daftarini akaitia mfukoni ili Dada wa Mauzo asije akaifanya bidhaa. Akakaa akitazama "umekula?" za watu wengine zikipita bila kuzinasa. Jambo lilikuwa wazi kama mchana. Akinyamaza, Ijumaa saa kumi binti yake ataifunga njia yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya baba. Akisema, itabidi aseme amejuaje.

Basi akatafuta njia ya tatu, kama watafutavyo waoga wote. Atamwonyesha binti kwamba baba anajiweza. Atang'ara kwa kujiweza mpaka binti ajisikie mgeni ndani ya nyumba.

Jumanne aliamka mapema, akakaanga mayai. Sufuria haikupona. Akapiga pasi koti jeupe la binti la kazini, akaliachia alama ya pasi mgongoni, safi, yenye ncha, kama muhuri wa serikali.

"Baba, nani kakutuma?"

"Mtu mzima hatumwi."

Jumatano akapanda juu ya bati kupigilia msumari palipokuwa pakivuja. Kupanda alipanda. Kushuka, ngazi iliteleza ikalala chini, na mzee akabaki kule juu na nyundo na kiatu kimoja, cha pili kikiwa kimetangulia. Majirani wakakusanyika. Mmoja akamwambia asisogee. Mwingine akamwambia atabasamu, anampiga picha. Binti akaja mbio kutoka karakana, plasta ya kutengenezea meno mpaka kwenye viwiko.

"Baba, shuka!"

"Nashuka kwa wakati wangu! Nilipanda mwenyewe!"

"Kiatu chako kiko wapi?"

"Kinapumzika!"

Alishushwa na watu watatu. Kesho yake, Alhamisi, alirudi kutoka chooni akamkuta Bibi Koma ameishikilia skrini yake kwa wema tu, anaandika huku na huku. Ujumbe kwenye skrini ulikuwa umebakiza sekunde nne: "Shangazi, baba amechanganyikiwa. Jana kapanda juu ya nyumba. Sasa ndiyo siendi kabisa." Uso uliojipiga kofi la paji, mmoja.

Karatasi ya kwanza aliichana. Hii ilikuwa kwenye daftari la Bibi Koma, na Bibi Koma hakuwa mtu wa kuchana kumbukumbu. Saa nane akaisoma kwa sauti yake ya bungeni, mzee akiwa amekaa pale pale. Dada wa Mauzo akachapa: mzazi mzee nyumbani, mmoja.

Jioni walikuwa mezani, chai na mkate, simu ya binti ikaanza kulia kama kifaranga. Fimbo za kutembelea, punguzo la nusu bei. Kiti cha kuogea. Nepi za watu wazima, saizi ya kati.

"Baba, hebu tazama mambo haya. Nani kawaambia nina mzee?"

Mzee Mkato akapaliwa. "Watakuwa wanabahatisha."

"Wanabahatisha mpaka saizi?"

"Saizi ya kati ni ya kila mtu."

"Wewe unajuaje ukubwa wa nepi unavyopangwa?"

Akanyanyuka kwenda kuongeza maji kwenye birika lililojaa.

Ijumaa saa saba mchana akaaga kazini kwamba tumbo linamsumbua. Aliingia karakana akakuta mteja mmoja kwenye kiti, bwana mnene asiye na jino hata moja, kitambaa kifuani. Binti alikuwa amesimama dirishani, mgongo umewageukia, simu mkononi.

"Usikatae," mzee akasema.

Binti akageuka. "Nisikatae nini?"

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema: nimeota. Nimesikia sokoni. Angeweza hata kusema: nakuona una mawazo, mwanangu. Lakini mtu aliyeishi mahakamani miaka thelathini na minne akiulizwa "nini?", kuna kitu ndani yake kinasimama chenyewe. Mzee Mkato aliweka mikono nyuma, akanyoosha shingo, akasoma kumbukumbu kwa ile sauti isiyo na joto wala baridi:

"'Baba.' Nukta. 'Siwezi kumwacha peke yake.' Nukta. 'Nitakataa.' Nukta. Emoji ya uso unaolia, moja. Emoji ya mikono iliyokutanishwa, mbili. Mwisho wa ujumbe."

"Heee!" mteja akasema kwa fizi. "Huyu mzee ana kipaji!"

Binti akaishusha simu. Kisha akauliza, polepole: "Shangazi kakwambia?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Ilikuwa ni kutikisa kichwa tu, na lawama yote imwangukie dada yake aliye mbali. Na nyinyi mnaonisoma msijifanye watakatifu, mngetikisa. Mzee Mkato akatikisa.

"Ndiyo. Shangazi yako."

"Na emoji kakusomea yeye?"

"Moja moja."

"Baba," binti akasema, "simu ya shangazi haionyeshi emoji. Ni ya zamani mno. Kila ninachoweka yeye huona viboksi vitupu, huwa ananiuliza kwa nini namtumia madirisha. Mimi naweka kwa mazoea tu. Duniani nilidhani naziona mimi peke yangu."

Mteja akaacha kutabasamu. Alikuwa hana meno lakini akili anayo.

Binti akaitazama simu yake, kisha mwavuli mkononi mwa baba yake, ulioandikwa Yeyuka kwa herufi za kijani. Akakaa chini.

"Mafaili," alisema.

"Mwanangu..."

"Unapanga mafaili."

Basi akamwambia. Chumba cha Ustawi, madaftari, Dada wa Mauzo, nepi. Alimwambia yote, kwa mpangilio, mteja akiwa shahidi. Binti alisikiliza bila kumkatiza.

"Zangu umesoma ngapi?"

Angesema chache. Ulimi ukamponyoka kwa mazoea. "Mia moja na kumi na tatu, kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo."

"Zilizopo wapi?"

"Chini ya godoro langu. Nilizichana daftarini ili zisiuzwe."

"Nashukuru," alisema binti, na neno hilo lilikuwa baridi kuliko plasta. Akaanza kuandika kwenye simu. Mzee akaona saa ya ukutani, saa nane na robo, akajua jibu linakwenda, na hakuthubutu kuuliza ni lipi.

"Nakwenda," binti akasema, bado macho kwenye simu. "Na usije ukajisifu kwamba umenifungulia njia. Nakwenda kwa sababu siwezi kuishi nyumba moja na sikio." Kisha akamtazama. "Na utanilipa. Kila ujumbe wangu uliousoma, utanipa siri moja yako. Ya kweli, ambayo hakuna anayeijua. Kwa maandishi ya kawaida, si hivyo vimikia vyako. Na karatasi zangu nazitaka leo."

"Na mimi je?" akauliza mteja. "Nimo humo? Maana nimemwandikia mtu mambo fulani kuhusu shemeji yangu."

Binti akamwonyesha mlango. Alitoka na kitambaa chake kifuani.

Mzee Mkato aliacha kazi Jumatatu. Soksi alishika moyo wake kwa mikono miwili akasema familia haiiachi familia, kisha akamwita mwanasheria. Mwanasheria akamsainisha karatasi inayosema hakuwahi kufanya kazi pale. "Mikono haikuwepo," alifafanua, akampa peremende.

Msidhani kampuni ilianguka. Hizo ni hadithi za watoto. Mkaguzi alikuja, akafungua mashine zote, akazikuta nyeupe kama karatasi ya mtihani wa mvivu. Alipita mbele ya Chumba cha Ustawi kwa kunyata ili asiwasumbue wanaopumzika. Mwezi uliofuata Yeyuka ikapewa tuzo ya kulinda faragha, Soksi akaipokea jukwaani kwa soksi, ukumbi ukamshangilia kwa kusimama, na kila aliyeshangilia alimtumia mwenzake picha kwa Yeyuka. Meza ya mzee ilikaliwa na mstaafu wa jeshi anayeandika haraka kuliko yeye.

Na huyo mzee, akiwa ameiokoa kesho ya binti yake kwa gharama ya jina lake mwenyewe, akabaki na nyumba ya vyumba viwili, kichwa juu.

Hapo ndipo nilipoweka nukta. Pazuri, sivyo? Nilipapenda mno.

Likizo yake ya kwanza binti alikuja, akakaa mezani, akazisoma kurasa hizi zote bila kunywa chai yake. Alicheka pale kwenye bati. Kisha akaacha kucheka.

"Huyu Mzee Mkato ni nani?"

"Mtu fulani tu," nikasema.

"Anakaa wapi?"

"Mtaani mtaani."

"Siri za wenzako ulizisoma na namba zao za simu. Yako unaiandika kwa 'yeye'." Akafungua mkoba wake, akatoa zile karatasi alizonidai, amezibana kwa kibanio. "Mimi vimikia hivi sivijui. Lakini wewe ni mtu wa mahakama, kila ukurasa umeuandika tarehe juu, kwa namba za kawaida. Huu hapa ndio ule wa 'nitakataa', ulinionyesha mwenyewe uliponikabidhi. Soma tarehe."

Nikasoma.

"Ni Alhamisi ya wiki iliyotangulia," akasema. "Nakumbuka mwenyewe, ndiyo siku ile tanuru langu la kuchomea meno lilipoharibika. Hapa umeandika uliiona Jumatatu, na Jumanne ukaanza kukaanga mayai. Alhamisi mpaka Jumatatu ni siku nne, baba. Siku nne ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafakari."

"Hii yote haihesabiki," akasema, akazisukuma kurasa zangu kando. Akaweka karatasi moja nyeupe mbele yangu, na kalamu juu yake. "Lipa."

Nikaandika hivi.

Mwanangu, Alhamisi ile nilipoona neno "nitakataa", mimi nilifurahi. Karatasi niliichana si ili usiuzwe. Niliichana ili niwe nayo. Nilirudi nyumbani napiga mluzi, ukaniuliza nimeokota nini, nikakwambia mshahara umetoka. Siku nne nililala kama mtoto. Nilijua Ijumaa ya jibu itakuja na itapita, na utabaki, na hutajua kamwe kwamba ningeweza kusema. Jumatatu hakukuwa na karakana kubwa wala mafundi kumi na wawili kwenye skrini. Kulikuwa na ujumbe wako mmoja tu: "Shangazi, nisipokwenda nitamchukia, na sitaki kumchukia." Haukuwa na emoji hata moja. Huo sikuunasa. Ni huo tu katika maisha yangu ya kazi ambao kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika. Ndipo nikaanza na mayai.

Akasoma. Akarudia kusoma. Chai yake ilishapoa, akainywa hivyo hivyo.

Kisha akachukua karatasi nyingine nyeupe, akaiweka mbele yangu.